Mkwe Wangu Amegoma Kufinyanga Chungu cha Maji ya Moto ya Bwana

Bila mimi, Serikali ya Wadachi upande huu wa Ziwa Nyasa ingenuka. Sijisifu. Mimi ndiye ninayepasha maji ya kuoga ya Bwana Mkubwa wa boma, na Bwana asiyeoga hawezi kuamua kesi wala kudai kodi. Mhariri, jina langu lifunikeni vizuri kwa majani ya mgomba, maana toka Ipinda mpaka Makwale hakuna asiyenijua. Umri wangu ni arobaini na kitu. Shule ya misheni nilisoma, zikanibakia herufi chache tu. Wapwa zangu huniita Mjomba Moto, na mamba wa mtoni wakinisikia naja na kuni huzama wenyewe.

Zamani maji yalipashwa kwa tangi la shaba la kutoka Ulaya. Likatoboka chini. Nikaliziba kwa nta, nta ikayeyuka, Bwana akaoga maji yanayonuka nyuki. Kupata jingine ni kungoja meli na meli. Ndipo mke wangu akapanda mtumbwi kwenda Ikombe kwa mkwe wetu, mke wa mwanangu wa kwanza, Mkisi, mfinyanzi. Yule binti akafinyanga chungu ambacho mtu mzima angechuchumaa ndani, ubavuni ameacha tundu la kupitishia mwanzi wa kupeleka maji bafuni. Nikakijengea mafiga. Bwana akaoga, akatoka mwekundu, anacheka peke yake. Akauliza, "Nani fundi wa kitu hiki?"

Ndugu zangu, kinywa hakina kufuli. Nikasema, "Mimi, Bwana."

Toka hapo nikaitwa Fundi, na jina langu likaondolewa katika wapagazi. Hapo ndipo penye kilio changu. Mdogo wangu alichukuliwa kubeba mizigo ya askari kwenda bara, mpaka leo hajarudi, wala aliyemzika hatumjui. Mimi na kifua hiki kinachopiga filimbi, mlima wa kwanza tu ungenimaliza.

Basi chungu kimepasuka. Niliongeza maji baridi ya ziwani wakati moto umekolea, kikalia kama bunduki, majivu yakanijaa machoni. Bwana akaja na taulo begani. Akatazama vigae, akanitazama mimi. "Fundi, tengeneza kingine. Wageni wanakuja na stima. Ukishindwa, mizigo ipo."

Nikamtuma mke wangu mbio Ikombe. Alirudi jua linatua, akakaa chini bila hata kunisalimu.

"Amekubali?" nikauliza.

"Amesema, 'Mwambie baba, si alikifinyanga yeye? Mikono yake imepatwa na nini?'"

"Amesikia wapi maneno hayo?"

"Gwe mwanaume, umeyasema mnadani Ipinda, umeyasema kwenye pombe, umeyasema mpaka kanisani wakati wa kutoa shukrani! Unadhani Ikombe hawana masikio?"

Nikamwambia arudi akambembeleze, apeleke mchele na mkungu wa ndizi. Akarudi na mchele wake na ndizi zake. Binti amesema hataki chakula. Anataka baba mkwe aende mwenyewe, aseme kwa kinywa chake, mbele ya wanawake wenzake, kwamba mfinyanzi ni yeye. Asipokwenda, udongo utabaki kwenye shimo lake.

Ninyi wasomaji wa pwani mtaliona jambo dogo. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Akisikia sauti yangu njiani anaingia migombani, anainama mpaka nipite. Jina langu halitaji. Mimi simtazami, wala simsemeshi. Uso wake siujui, ingawa mikono yake imeniweka hai. Sasa nitamwomba radhi mtu nisiyeruhusiwa kusema naye? Naye mwiko anaujua vizuri kuliko mimi. Ndiyo maana kachagua adhabu hii.

Nikajaribu wanawake wengine wa Ikombe. Wakacheka, wakasema chungu cha namna ile kina mwenyewe, wao hawamruki. Nikamwendea mwanangu nikamwambia amlazimishe mkewe. Akasema, "Tata, mimi simo. Wewe unalala bomani, mimi nalala nyumba moja naye."

Mwalimu wa misheni ananiambia huo ni mwiko wa giza, niende tu mchana kweupe. Kaka yangu mkubwa anasema nikifungua kinywa mbele ya yule binti nimeuvua ukoo nguo, na mtoto aliye tumboni mwake akipatwa na jambo, nisimtafute mchawi. Naam, ana mimba, mjukuu wangu wa kwanza. Nikimwambia Bwana ukweli, nimekuwa mwongo wa Serikali, na kamba ya wapagazi inaningoja. Nikinyamaza, stima itapiga honi, bafu litakuwa baridi, na kamba ni ileile. Mke wangu ananiwekea ugali, ananitazama, anauondoa.

Wasomaji, wenye wakwe na wasio nao, nishaurini, nifanye nini? Niuvunje mwiko nimwombe, au niufunge mzigo wangu?

Na kwa kuwa jina langu mmelificha, nimalizie hili. Juzi alfajiri nilipiga kasia peke yangu mpaka Ikombe. Nilisimama nyuma ya ukuta wa nyumba yake, nimejifunika nguo kichwani, nikamsikia akitwanga udongo. Maneno nilikuwa nimeyapanga ziwa zima, mazuri, hata machozi yalikuwemo. Nadhani alijua ni mimi, maana aliacha kutwanga, akangoja.

Nikakohoa. Basi, nilikohoa tu, nikarudi mtumbwini.