Komeo Anamfundisha Kijiko Kujihami

Katika miaka thelathini na mmoja kiwanda cha magodoro kilipitia mameneja tisa, na wote tisa walimwogopa mtunza stoo. Hakumpa mtu hata sindano bila sahihi. Wenzake walimwita Mama Sahihi, kwanza kwa kumsengenya, baadaye usoni, naye hakujali. Meneja wa saba alipotaka turubai "kwa muda tu", alifungiwa mlango wa wavu puani na kuambiwa arudi na karatasi. Akarudi na karatasi. Tusimpambe mwanamke huyu kwa sababu sasa amestaafu na goti linamsumbua. Alikuwa mkali, mbishi, mwenye kinyongo cha miaka, na hakuona haya.

Mchezo anaoucheza kwenye tableti alifundishwa na fundi umeme wa kiwandani, ambaye akija stoo kuchukua balbu alikaa saa nzima. Ni mchezo wa himaya za angani. Unapewa sayari moja kavu, unachimba madini, unaunda meli, unatafuta sayari nyingine, na muda wote huo maelfu ya watu usiowajua, kila mmoja kwenye simu yake, wanapanga kukunyang'anya. Fundi umeme alipenda kushambulia, akamalizwa ndani ya mwezi mmoja. Mama Sahihi alipenda kulinda. Alijiandikisha kwa jina la Komeo, na kwa miaka sita hakuna aliyemchukulia hata kipande cha chuma. Nyumbani hakuna aliyejua. Mwanawe aliamini ile tableti ni ya kusomea matangazo ya vifo.

Muungano wake wa huko angani ulimpa kazi ya kupokea wachezaji wapya, na hapo ulikosea sana, maana aliwapokea kwa maneno ya kuwatoa machozi. "Umeunda meli ya vita na huna hata mzinga mmoja. Unamringia nani?" Wengi walihama kabla ya wiki kwisha. Alibaki mmoja tu, aliyejiita Kijiko. Kijiko alikemewa, kisha akauliza swali jingine. Akakemewa tena, akauliza tena. Na kila mara alimwita mwalimu.

"Adui hana chuki na wewe," Komeo alimwandikia. "Anapenda madini yako. Ukitoka ukaacha ghala limejaa, umemwalika mwenyewe. Kabla hujatoka tumia kila kitu, hata kama unajenga upuuzi. Akija akute sakafu."

Siku nyingine alimwambia aweke mizinga midogo mingi badala ya mmoja mkubwa, kwa kuwa mkubwa ukipigwa ndiyo basi, lakini midogo mia tatu humchosha mtu hadi akajiuliza amefuata nini. Akamwambia meli zisilale nyumbani mwenyewe akiwa hayupo, zitumwe safari ndefu zirudi naye. Akamwambia asimtajie mtu yeyote saa zake za kuingia na kutoka. Kijiko alishika yote. Mama Sahihi hakuwahi kulea mwanafunzi, na lile neno mwalimu lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Jirani wa Kijiko ndiye aliyekuwa tatizo. "Mwalimu, kuna mmoja ana nguvu kuliko mimi. Hapigi. Anakuja kuchungulia tu, kila Jumamosi."

"Hao ndio wabaya. Anayekuja kuangalia leo anapima atakachobeba kesho. Ficha kila unachokipenda, na akikuuliza kitu mjibu kwa neno moja. Nipe mahali alipo nikamponde."

"Hapana, mwalimu. Huyu nitamalizana naye mwenyewe."

Komeo alifurahi mpaka akacheka peke yake.

Maisha ya chini, haya ya ngazi na goti, hayakumchekesha. Aliishi ghorofa ya tatu, na mwenye nyumba alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi awe amehama, kwa kuwa anataka kuliangusha jengo zima. Nyumba aliyoitaka ilikuwa moja tu, ya mwanawe, ya chini, yenye chumba cha nyuma kinachopata jua asubuhi. Mwanawe alikuwa mpima ardhi, siku nyingi hayupo, na alipoulizwa alinawa mikono. "Mama, mwenye nyumba ni mke wangu. Mkubaliane wenyewe. Mimi simo."

Kukubaliana na mkwewe lilikuwa jambo zito. Mkwewe alikuwa fundi wa lenzi. Alizisaga humo humo chumba cha nyuma na kuzipeleka kwenye duka la miwani. Tangu harusi, Mama Sahihi alimtembelea kila Jumamosi mchana, na kila Jumamosi alifungua makabati, akanusa vitambaa vya vyombo, akahamisha sufuria za juu kuziweka chini. Mwaka wa kwanza mkwewe alilia. Mwaka wa pili alibishana. Miezi ya karibuni mambo yalikuwa yamebadilika kwa namna iliyomtia Mama Sahihi wasiwasi. Makabati yalikuwa matupu, vyombo vizuri havionekani. Chumba cha nyuma kilikuwa na mashine ya pili, ya tatu, na maboksi hadi darini.

"Zile sahani za maua zimekwenda wapi?"

"Zipo, mama."

"Jumamosi ijayo utakuwepo saa ngapi?"

"Sijui, mama."

Hakukuwa hata na pa kumshikia. Mama Sahihi alirudi kwake akiuma meno, na akakiri moyoni kwamba huyu binti siku hizi amepata akili.

Alijua ukweli Jumamosi ya pili ya mwezi. Mkwewe alikuwa ametoka uani kuanua nguo na kuacha simu mezani. Mama Sahihi, kwa kuchoka kungoja, alitoa tableti kwenye mkoba na kumwandikia Kijiko: "Leo umekaguliwa?" Simu iliyoachwa pale mezani ikalia. Akaitazama. Kwenye kioo chake kulikuwa na jina, Komeo, na chini yake maneno mawili, na yalikuwa yake mwenyewe. Hakuamini. Akatuma nukta moja. Simu ikalia tena.

Basi alikaa pale kama aliyemwagiwa maji. Kabati tupu ni yeye aliyelitoa vitu. Lile jibu la neno moja alilitunga yeye. Maboksi hadi darini ni ile mizinga midogo mia tatu. Na yule jirani mpelelezi, yule mbaya aliyetaka kwenda kumponda, ndiye huyu aliyekaa kitini na mkoba mapajani. Alipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Aliondoka bila kumaliza chai yake.

Wiki nzima hakulala vizuri. Kwa cheo chake katika muungano aliweza kuikagua sayari ya mwanachama yeyote, akaikagua ya Kijiko kutafuta ufa. Ghala halikuwa na kitu. Meli hazikuwepo. Mizinga ilikuwa mia tatu na arobaini, yote midogo, imepangwa kama alivyofundisha. Hakupata pa kuingilia. Akajivuna, na kule kujivuna kukamkasirisha upya. Angeweza kumfukuza kwenye muungano, majirani wamalize kazi. Hakumfukuza. Siku kumi na tatu zilikuwa zimebaki za kuhama, na alikuwa amekata shauri kufanya kitu ambacho hajawahi kumfanyia meneja hata mmoja.

Jumamosi iliyofuata hakufungua kabati lolote. Aliketi, akangoja mkwewe naye aketi.

"Mwanangu," alisema, "tumegombana vya kutosha. Mimi nimechoka. Nataka tukae kwa amani. Nipe kile chumba cha nyuma."

Mkwewe aliinuka. "Nipe dakika chache, mama." Akachukua simu, akaenda jikoni na kurudishia mlango.

Tableti ikatetemeka ndani ya mkoba. Mama Sahihi aliitoa polepole, akijua kabisa nani anaandika.

"Mwalimu, upo? Yule adui wa Jumamosi ameomba amani. Anataka nimpe nafasi ndani kabisa, si mpakani. Nimwamini?"

Jibu la Komeo lilikuwa moja, na Mama Sahihi alilijua kuliko mtu yeyote. Mwenye nguvu akiomba amani anangoja mafuta ya meli zake yamfikie. Tena alijua nia ya adui mwenyewe kutoka ndani: alikuwa ameshapanga kabati lake litakaa ukuta gani, mashine za kusagia zitahamia barazani, na ndani ya wiki mbili sufuria zitakuwa chini zinakostahili. Amani hiyo ilikuwa ya uongo, na aliyeulizwa ndiye mwenye uongo wake. Goti lilimpiga kwa ndani. Akaandika.

"Mkubalie. Ni mtu mzima, amechoka. Mpokee vizuri."

Kisha jibu likaja.

"Wewe ni nani?"

"Komeo."

"Si kweli. Mwalimu wangu hajawahi kumwonea adui huruma tangu nimfahamu. Umeiba akaunti yake. Umemfanya nini?"

Aliandika, "Ni mimi, nisikilize," lakini mchezo ukamwarifu kwamba Kijiko amemzuia na ujumbe haukufika. Alijaribu tena, na tena ukagoma.

Mkwewe alitoka jikoni na macho mekundu. Alisimama nyuma ya kiti, hakukaa.

"Mama, nisamehe. Chumba sitaweza."

Hapo Mama Sahihi angeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni, Komeo ni mimi, na pengine binti angeduwaa, pengine wangecheka, pengine chumba kingepatikana. Lakini angesema pia kwamba ile mara ya pekee alipoulizwa jambo la maana, alidanganya kwa faida yake. Akaufunga mdomo.

"Unalilia nini sasa?" aliuliza, kwa ukali ule ule wa siku zote.

"Kuna mtu wangu amepatwa na jambo. Sasa hivi tu. Sijui kama nitampata tena."

"Nani huyo?"

"Hutamjua, mama."

"Ni mtu mwema?"

Mkwewe alifuta pua kwa mkono wa gauni na kufikiri kidogo. "Hapana. Ana mdomo mbaya sana. Lakini hajanidanganya hata siku moja."

Mama Sahihi aliirudisha tableti kwenye mkoba, akaifunika kwa leso, akaomba ashikwe mkono ainuke. Mkwewe alimshika, akamsindikiza hadi mlangoni, akamwambia aangalie ngazi huko kwake.