Siku Kapu Lilipochukua Kombe

Sifa ni zako, Mungu Baba, uliyenilea tangu nikiwa mchunga ndama hapa Tumati mpaka leo nina mvi. Nakushukuru kwa mvua na kwa mke uliyenipa. Nakushukuru hata kwa jioni ile ya damu, kwa sababu hatukuzika mtu. Nipe maneno ya kuisimulia bila kuongeza chuki.

Timu ya kata yetu ilikuwa inafungwa tangu ujana wangu. Majirani wa ng'ambo ya bonde waliiita Kapu, kwa kuwa ilibeba magoli kama kapu linavyobeba mahindi. Niliipenda hivyo hivyo. Nilikuwa katekista, na baada ya ibada nilikwenda uwanjani kama mtu anayekwenda kumwangalia mgonjwa: hutegemei kwamba atainuka leo, lakini huwezi kukaa nyumbani.

Kwetu mwanaume hatoki bila fimbo. Kwa hiyo wazee waliotutangulia waliweka utaratibu: siku ya mechi fimbo zote zilazwe kwenye kona ya uwanja, zilindwe na wazee wawili, mmoja wa kila upande, na isitolewe hata moja mpaka wachezaji washikane mikono. Upande wetu nililinda mimi. Upande wa ng'ambo alilinda shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tulikaa gogo moja, na kila tulipofungwa alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake.

"Kunywa, shemeji. Aliyefungwa husikia baridi."

Nilikunywa, wachezaji wakashikana mikono, fimbo zikarudi kwa wenyewe, tukaenda nyumbani. Kufungwa tulikuwa tumekuzoea. Sikujua kwamba amani yetu yote ilikuwa imeegemea hapo.

Mwaka huu Kapu lilifika fainali ya kombe, na wapinzani walikuwa hao hao wa ng'ambo. Uwanja ulikuwa tope tupu. Mapema kabisa beki wao alimkanyaga mshambuliaji wetu kwenye kifundo, nikasikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Wetu nao hawakuwa malaika. Mmoja alimpiga mtu kiwiko mdomoni, jino likaanguka kwenye matope na mwenyewe akainama kulitafuta huku mpira ukimpita. Kipa wetu alivunjwa pua, akaendelea kudaka, kila akitema anatema nyekundu. Nyuma ya goli lake mashabiki wa ng'ambo walipeperusha kapu lililofungwa kwenye mti mrefu, wakiimba, "Jazeni! Jazeni!"

Dakika za mwisho tukapata kona. Mpira ulimgonga beki wetu gotini, bila yeye mwenyewe kujua, ukaingia golini. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga hata Pasaka.

"Goti!" akasema shemeji. "Mmetufunga kwa goti!"

"Tumepiga magoti miaka mingi, shemeji. Leo yamejibu."

Alicheka, akanisukumia chupa ya chai. "Basi leo mwenye baridi ni mimi. Mimina wewe."

Nilikuwa nafungua kifuniko filimbi ya mwisho ilipolia.

Watu wetu hawakuwakimbilia wachezaji wao. Walilikimbilia lile kapu, wakawanyang'anya wenyewe, kisha wakageuka na kuja kwetu kwenye fimbo. Niliinuka.

"Bado hawajashikana mikono!"

"Toka, katekista! Wametucheka vya kutosha!"

Aliyetangulia alikuwa kijana niliyemfundisha mpaka akapata kipaimara. Alinitazama usoni. "Shikamoo, mzee," akasema, na mkono wake tayari ulikuwa umeshika fimbo. Sikumwitikia. Nilijilaza juu ya fimbo, na shemeji akajilaza kando yangu, wazee wawili kifudifudi. Wakazichomoa chini yetu. Fimbo moja ilinichana kiganja, nyingine ikanipitia mbavuni kwa nguvu hata nikakosa pumzi.

"Huyu ni wa kwao! Mvikeni kapu lake!"

Wakamvika shemeji kapu kichwani, likashuka mpaka mabegani, wakaanza kulipiga. Mlio ule bado ninao masikioni. Mwanzoni ulikuwa mkavu, mlio wa kapu. Baadaye ukawa na unyevu, na damu ikapita kwenye matundu ya ususi. Waliokuwa nyuma walirekodi kwa simu. Nilitambaa nikamlalia, nikapigwa begani, mkono ukafa ganzi. Na wakati wote huo wengine walikuwa wanaimba jina la timu yangu.

Aliyewakomesha ni mke wangu. Alipenya katikati yao bila kilemba, akasimama juu yetu.

"Ni kaka yangu! Anayetaka kupiga anipige mimi, niliyempa ugali utotoni!"

Karibu wote walikuwa wamekula kwake. Fimbo zikashuka moja moja.

Tulimpakia shemeji kwenye pikipiki, mbele yake dereva, nyuma mwanawe akimshika, kichwa kimefungwa kwa kanga. Hospitalini walimwokoa, lakini jicho la kushoto halikupona.

Jioni ile watu wetu walichinja dume la ng'ombe. Walituletea nyama, mke wangu akawatupia mbwa. Nililala kwa ubavu mzima nikisikiliza vigelegele, nikimwombea shemeji, na kuna jambo ambalo siwezi kumficha Mungu: katikati ya maombi furaha ilinipanda. Tulikuwa tumechukua kombe! Nilitamani nilishike. Halafu nikakumbuka ule mlio, nikaanza maombi upya. Binti yangu aliyeolewa Getanuwas alipiga simu akilia, kumbe ameniona kwenye video nikipigwa.

Shemeji aliporudi kwake, wachezaji walikuja na kombe baada ya ibada.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba ulibariki," akasema nahodha.

"Marahaba. Hamjashikana mikono na wenzenu."

"Mechi si imeshaisha, mzee?"

"Haijaisha. Fimbo zilitoka kabla ya mikono. Twendeni, na mtu asibebe fimbo."

Wengine walibaki. Waliokubali tulishuka nao bondeni, nami nilibeba chupa ya chai ambayo ilikuwa imebaki kwangu. Tulipofika kijitoni tukakuta wanaume wa ng'ambo wamejipanga na fimbo na mapanga. Mmoja alikuja mbio na kumpiga nahodha wetu kofi lililomwangusha majini. Nahodha aliinuka, akatazama mikono yake mitupu, akatulia.

Ndipo shemeji alipotokea, akishikiliwa na mwanawe, bandeji imefunika nusu ya uso.

"Lazeni chini hizo," aliwaambia watu wake. "Mlinzi wa fimbo upande huu ni nani? Si mimi?"

Walinung'unika, lakini walizilaza, na mapanga pia. Akakaa kando ya rundo. Vijana wakashikana mikono, wengine bila kutazamana.

"Sasa," akaniambia, "chai yangu iko wapi? Nilisikia baridi, nawe hukumimina."

Nilimimina ndani ya kombe lenyewe. Alilizungusha mbele ya jicho lililobaki.

"Ni hiki? Jicho langu lote kwa kikombe hiki?" Chai ikaanza kutona kwenye kiungo cha chini. "Na kinavuja, kama kipa wenu wa zamani."

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka yeye.

Bado naipenda timu yangu, na kombe likipitishwa kijijini moyo wangu unapanda na kuanguka hapo hapo. Yule kijana wa shikamoo hakuja siku ile. Akiniona njiani anakatisha shambani. Marahaba yake ninayo bado, nimemwekea.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie moyo wa kungoja. Ushindi wako ukifika, ukukute mikono mitupu, pembeni ukiwa na mshindwa wako mzima, wa kumiminia chai. Amina.