Kengele ya Shule na Mdogo Wangu

Nikifungua mfuko wa uduvi mkavu jikoni kwangu, ile harufu kali ya chumvi hunirudisha kwenye asubuhi ile mama alipoitwa shuleni kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja. Aliuacha uduvi wake juani, akavuka kwa mtumbwi, akafika na tope la mikoko miguuni.

Mdogo wangu hakuweza kuvumilia kengele. Ilikuwa rimu ya gari inayopigwa kwa nondo, na kila ilipolia aliziba masikio, akapiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Hapo mimi ndiye niliyetolewa darasani nikamtulize. Hesabu za kugawanya zilinipita nikiwa nimemkumbatia nje, nyuma ya ukuta.

"Mwalimu, hamuwezi kuisogeza mbali kidogo na darasa lake?" mama aliuliza.

"Mama, shule nzima haiwezi kumfuata mtoto mmoja. Kaa naye nyumbani kwanza, mpaka atulie."

"Atulie lini, mwalimu? Ndivyo alivyozaliwa."

Mwalimu alitazama saa yake, akatoka, akaenda kuipiga kengele mwenyewe. Mama akamziba mdogo wangu masikio kwa viganja vyake, na kengele ilipokoma akambeba, mtoto bado akilia, mpaka mtumbwini. Hakumrudisha tena.

Kesho yake nilikaa darasani mpaka saa ya kutoka. Mwalimu yule yule alipita, akalitazama daftari langu, akanisifu kwamba sasa nimetulia. Hakuniuliza mdogo wangu yuko wapi.