Ndizi za Shimoni za Mama Nadine

Harufu ya ndizi mbivu zinapofukuliwa shimoni ni nzito na tamu, yenye moshi kidogo. Juzi niliikuta sokoni Kasulu, nikasahau nilichofuata.

Nilikuwa darasa la tano, Kibondo. Wiki ile mwalimu alitufundisha neno la Kiingereza, "soon". Maana yake punde, alisema; kwa mfano, kengele italia "soon". Kabla hajaweka chaki chini, kengele ikalia. Nikatembea na neno lile kama mtu mwenye viatu vipya: uji utaiva "soon", mbuzi atazaa "soon".

Jumamosi nilimsindikiza mama kuuza ndizi karibu na kambi ya Nduta. Mteja wetu Mama Nadine, mkimbizi kutoka Burundi, alikuja mbio na mgao wake wa unga wa mwezi mzima kichwani. Mumewe alikuwa amebaki ng'ambo ya mpaka. Asubuhi ile Mama Nadine alikuwa ameuliza ofisi ya kambi mumewe ataletwa lini, na mfanyakazi mmoja mgeni akamjibu neno moja tu la Kiingereza.

"Mwana wanje, wewe unasoma. 'Soon' ndiyo lini?"

"Punde tu, mama," nilisema, kifua mbele.

"Siku nne? Tano?"

"Labda hata mbili."

Akanishika mashavu, akacheka. "Yemwe! Na mume apokewe kwa maji matupu?"

Kwao, kama kwetu Waha, anayetoka mbali hupokewa kwa pombe ya ndizi. Akampa mama unga wote, akabeba mikungu mitatu kwenda kuizika shimoni, ndizi ziive za kukamua pombe.

Mama alinitazama, akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akajitwika mfuko wa unga.

Jumamosi iliyofuata ndizi zilikuwa mbivu, mume hajafika. Ya pili yake, nzi walijaa juu ya shimo. Ya tatu, Nadine, binti wa rika langu, alikuja hadi kwetu kuomba chakula. Mama alimchotea kibakuli cha unga kutoka mfuko ule ule. Nadine akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Baba yake hakuja kamwe.

Kwa miaka mingi nilijilaumu mimi na kiherehere changu. Baadaye nikamlaumu yule mgeni, aliyesema asichokijua. Lakini mama alikuwa akifuatilia hati ya shamba letu kwa mwaka wa nne, na kila safari aliambiwa "punde". Urefu wa punde ya ofisini aliujua kuliko sisi sote.

Ila siku ile alipofunga mdomo, nyumbani hatukuwa na unga.