Mke wa Chifu Chumbani Kwangu

Mwaka jana mwalimu wetu wa historia alisimama mbele ya darasa akasema machifu walifutwa zamani, nchi ilipopata uhuru, na anayetaka kubisha alete ushahidi. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia ushahidi nimeuacha nyumbani Msamala, unafua soksi zangu. Darasa likacheka, mimi nikapewa eneo la kulima nyuma ya choo cha walimu. Lakini sikuwa natania, au nilikuwa natania nusu tu. Mama yangu mkubwa ni mke wa chifu, na asubuhi ile kweli alikuwa anafua soksi zangu.

Huyo chifu si wa kwenye vitabu. Hana askari wala bendera. Ana ukoo wake mbele kidogo ya Mpitimbi, vijiji vichache ambako watu humwita nkosi, na wakigombania mpaka wa shamba humwendea yeye kabla hawajamwendea mtendaji. Na Mama Mkubwa hakuolewa na chifu. Aliolewa na bwana shamba mwenye pikipiki ya serikali na kofia ngumu iliyopasuka, yeye akiwa fundi cherehani hapa hapa mjini Songea. Waliishi vizuri, bila mtoto, wakigombana juu ya redio. Halafu baba mkubwa wa yule bwana, aliyekuwa nkosi, akafariki, wazee wa ukoo wakakaa siku tatu, wakatoka na jina la bwana shamba. Mama Mkubwa husema alilala na mtu wa mbolea akaamka na mfalme, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kubadilishiwa.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa napelekwa kwake wakati wa likizo, na likizo zile zilinichanganya akili. Mama Mkubwa haendi sokoni. Mama Mkubwa hali chakula cha harusini. Mama Mkubwa hacheki meno yakaonekana mbele ya wazee, na huyo ni mtu ambaye mama yangu anasema walikuwa wanafukuzwa wote wawili kanisani kwa kucheka. Wanawake wenye umri wa bibi yangu walimpigia magoti. Mimi nimefundishwa kuwapigia magoti hao hao, basi tukikutana uani tulikuwa tunashuka sote, kila mtu akimwamkia wa mbele yake, na sikujua nani anatakiwa kuinuka kwanza. Mchana yeye na mimi tulijifungia ghalani tukala mihogo ya kukaanga na pilipili. Huko ndiko alikocheka.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuonja. Kwetu mtu akikuletea kinywaji anaonja yeye kwanza, mbele ya macho yako. Tunaita kutoa sumu, na hata mtoto wa chekechea anajua. Kwa chifu ni mara mbili: anaonja aliyeleta, anaonja mke wa chifu, ndipo chifu anakunywa. Miaka kumi na mmoja alifanya hivyo. Anasema hakuna pombe mbaya upande ule ambayo hakuwahi kumeza funda lake moja.

Siku moja hakuonja. Ilikuwa Ijumaa Kuu, naye amefunga, ametoka Njia ya Msalaba na vumbi magotini. Akakuta wageni wameleta pombe ndani ya kibuyu na wameshaonja sehemu yao. Akasema leo nimefunga, akampa mumewe kibuyu. Jioni ile chifu akaanguka. Upande mmoja wa mwili ukafa, mdomo ukaenda pembeni. Daktari akasema presha, vidonge vyake alikuwa anavimeza siku anazojisikia. Lakini ukoo haukuhitaji daktari. Siku moja tu hakuonja, na ndiyo siku hiyo mumewe alianguka, wakasema alijua. Jumatatu ya Pasaka wakampakia garini yeye, sanduku lake na cherehani yake. Mumewe alikuwa bado hospitalini, hajui kama kuna Pasaka.

Kwanza alikwenda Tunduru kwa mjomba wetu anayehangaika na mawe ya vito, maana Songea kila mtu alikuwa na toleo lake la habari. Huko alishona kanzu na sare za madrasa. Anasema majirani waliposikia kisa chake waliitikia Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, halafu wakamuuliza kama anaweza kupunguza suruali. Mjomba alipohama kufuata mawe mengine, Mama Mkubwa akaja kwetu. Yaani akaja kwangu. Kitanda changu, kabati langu, upande wangu wa ukutani.

Sasa mimi nilitegemea nini, sijui. Labda malkia. Niliwatangazia wenzangu shuleni kwamba kwetu amehamia malkia, na kwa wiki moja wasichana wawili wa kidato cha kwanza walinipigia magoti kwenye foleni ya makande mpaka matroni akaniona. Nyumbani ilikuwa vurugu tu. Baba hakujua kama akae kwenye kiti chake au amwachie shemeji, basi wote wawili walikaa kwenye mkeka na kiti kikabaki kitupu kama cha marehemu. Mama Mkubwa alisahau kusonga ugali. Wa kwanza ulikuwa na mabuje kama ngumi. Bombani alisimama na ndoo akisubiri watu wampishe. Hawakumpisha. Na kila kitu alionja. Uji wangu, chai ya Baba. Nilimwambia, Mama Mkubwa, huku hakuna chifu, akiwekewa sumu Baba atakufa kawaida tu. Alinipiga kofi la mgongo, halafu akacheka, meno yote nje. Kisha akaingia chumbani na hakutoka mpaka chakula.

Ndiyo hivyo alivyokuwa. Nilikuwa nikimchekesha sijui kama amecheka au ameumia.

Alichotaka kilikuwa kimoja, na alikisema wazi: amwone mumewe. Tangu ile Ijumaa hakuwahi kumwona. Akipiga simu, inapokelewa na mdogo wake chifu, ambaye ndiye aliyekuwa anakalia kiti, na jibu ni amelala. Mama aliuliza mtu gani analala hivyo miaka miwili, labda twende na polisi. Mama Mkubwa akasema huwezi kumwendea mume wako na polisi, utaingia na utatoka, lakini hutakaa.

Halafu Agosti mwaka huu, likizo, ukoo ukatuma neno. Watakuja watu watatu kuzungumza. Mlango upo wazi arudi kwa mumewe, ila aseme mbele yao kwamba siku ile alikosa, na iandikwe.

Mama yangu alitema mate. Lakini Mama Mkubwa alipiga pasi gauni lake la bluu, polepole, akaniambia huku hanitazami, "Nitasema nilikosa. Neno halivunji mfupa."

"Lakini hukukosa," nikasema.

"Wewe unataka haki. Mimi namtaka mzee wangu."

Nikikwama huwa nasema upuuzi. Nikamwambia akirudi anirithishe pilipili. Akageuza gauni upande wa pili.

Wakaja. Mdogo wake chifu, mwembamba, mwenye koti la suti na kandambili. Shangazi yao, mama mnene aliyeketi kwa kelele. Na katibu wa ukoo, kijana mwenye kaunta buku. Wakakaa sebuleni na Mama Mkubwa mkabala nao. Baba akatoa salamu ndefu za kilimo. Mama akanipa jagi la togwa na vikombe, akaninong'oneza nishike adabu, nipige magoti, nionje, nimimine, nitoke. Vitu vinne tu.

Nikapiga magoti. Shikamooni. Marahaba. Nikamimina kidogo, nikaonja mbele yao inavyotakiwa. Wote walikuwa kimya wakitazama koo langu. Nataka kueleza kilichotokea hapo na sijui. Sikupanga. Kilikuwa kimya kile tu, na macho yale sita kwenye shingo yangu, na tumbo langu likicheka lenyewe kama linavyofanya kanisani. Nikashika koo. Nikakoroma. Nikatoa ulimi na kuanguka ubavu kwenye mkeka, miguu ikipiga.

Nilitegemea kibao. Nilipofungua jicho moja nikaona katibu amepanda juu ya kochi kwa viatu, kaunta buku iko chini. Mdogo wake chifu alikuwa amesukuma kikombe chake na kuziba mdomo kwa mkono wa koti. Shangazi peke yake hakusogea. Alimnyooshea kidole Mama Mkubwa, akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Si nilisema."

Nikakaa. Nikasema natania. Hakuna aliyenitazama mimi.

Mama Mkubwa aliwaangalia mmoja mmoja, hasa viatu vya katibu vilivyokuwa juu ya kochi letu. Kisha akachukua jagi, si kikombe, akanywa. Alikunywa mpaka togwa ikamtiririka kidevuni na kwenye gauni la bluu. Akaweka jagi chini.

"Nilikuwa nimeshaliweka neno mdomoni," akawaambia. "Ningelisema, mngeandika, tungekwenda wote. Halafu ningempikia uji, nanyi mngesimama mlangoni hivi hivi, mkono mdomoni. Kila siku mpaka afe. Na akifa?"

Mdogo wake chifu akasema shemeji, tulia, huyu ni mtoto tu.

"Mtoto amenionyesha nyuso zenu. Kusema nimemuua mtu ambaye bado anapumua, sisemi. Kama mnamtunza, mtunzeni vizuri. Mkichoka, kwetu ni hapa, nyumba ya tatu baada ya kanisa."

Katibu akaokota kaunta buku. Haikuandikwa kitu. Wakaondoka bila kunywa.

Mama alinikimbiza kwa mwiko mpaka kwa jirani, na alikuwa na haki. Baba alisema tu, wewe mwanangu, siku moja utatania msibani na maiti atakuitikia. Mama Mkubwa alirudi kwenye cherehani yake. Siku nne tulilala kitanda kimoja kimya. Nilifua nguo zake, nikamenya mihogo, nikasonga ugali kwa zamu yake. Siku ya tano nikashindwa, nikamwambia nisamehe, nimekuharibia. Ulikuwa unakwenda kwa mumeo na mimi nimekuharibia.

Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akajaribu mara tatu. Akasema, "Sijui nikupige au nikununulie soda. Nikijua nitakuambia."

Mpaka leo hajaniambia.

Wiki mbili baadaye nilikuwa naanika sare uani, pikapu ikasimama barabarani. Nyuma ina magunia ya mahindi, mbele dereva na mdogo wake chifu, na katikati yao mtu aliyefungwa khanga kifuani asianguke. Walimteremsha wakimshika makwapa. Nilimkumbuka mkubwa, mwenye kifua, akipita uani na watu wakichutama. Huyu alikuwa mwepesi, nywele hazijakatwa, na kidonda kisiginoni. Mdogo wake akasema kwa haraka kwamba wazee wamekubaliana mgonjwa atunzwe karibu na hospitali ya mkoa. Hakusema habari ya kosa wala msamaha. Nilipoona kile kisigino nikaelewa, au nadhani nilielewa: walikuwa wamechoka kumgeuza. Akaweka mfuko wa nguo mlangoni. Hakuingia.

Kwa hiyo tumeshinda? Nilimuuliza Mama. Akasema nichemshe maji.

Sasa chifu na mke wake wako chumbani kwangu, mimi niko sebuleni kwenye godoro la wageni. Wazee wa upande ule wamenuna. Wanasema chifu hatakiwi kulala nje ya eneo lake, halafu hao hao wanampigia simu Baba kuuliza mpaka wa shamba la fulani uko wapi, Baba anaingia chumbani kuuliza, anatoka na jibu ambalo si jibu. Maana maneno yamemwishia mzee. Limebaki moja, kesho. Unataka uji? Kesho. Shikamoo baba mkubwa? Kesho. Mara nyingine analisema kwa hasira, mara nyingine kwa upole, na mimi bado sijui kama anasikia tunachomuuliza au anasikia kitu kingine. Nilijaribu kumtania kwamba anajibu kama fundi seremala. Upande mmoja wa mdomo ulipanda. Inawezekana alicheka, inawezekana ni ugonjwa.

Jumapili iliyopita nilikuwa nachukua sare yangu kabatini. Mama Mkubwa alikuwa amemkalisha ukingoni mwa kitanda, anamfunga vifungo vya shati la kwenda misa. Alifunga viwili, akasimamisha mikono. Akamuuliza, si kwa sauti ya malkia wala ya kusema na mgonjwa, kwa sauti ile ya kugombania redio, "Wewe ulidhani ni mimi?"

Mzee alimtazama sana. Akanyanyua mkono wake mzima, akauweka juu ya mikono ya mkewe pale kifuani.

"Kesho," akasema.

Mama Mkubwa alikaa hivyo. Halafu akanigeukia mimi, nikiwa nimekumbatia sketi, kana kwamba ndimi mkalimani.

"Umesikia? Amesema nini?"

Nilitafuta utani kila mahali. Haukuwepo.

"Amesema kesho, Mama Mkubwa."

"Basi nitamuuliza kesho," akasema, akauondoa ule mkono taratibu, akafunga kifungo cha tatu.