Jina la Mkereza

Toronto watu walinidhani Mjamaika kabla sijafungua mdomo, kwa sababu ya jina. Walilisoma kwanza kwenye karatasi, kisha wakainua macho kuniona, na wakaridhika. Nikianza kuongea ndipo walipotatizika. Kanisani kwetu, kwenye ibada ya Kiswahili, hakuna aliyetatizika. Walinicheka tu. Kulikuwa na mtani wangu mmoja ambaye kila nikiingia alipaza sauti: "Simameni, Mwingereza amefika! Nani kamfungia mbwa wake nje na baridi hii?"

Lilikuwa jina la babu. Kwetu Muheza, babu alibatizwa akiwa mtu mzima, na baba yake wa ubatizo alikuwa mwalimu mmoja Mwingereza pale misheni. Watu wote walimwita Bwana Fulani, na babu alidhani hilo Fulani ndilo jina lake mwenyewe, kama sisi tunavyoitana. Akalichukua kwa heshima. Hakujua kwamba lilikuwa la ukoo, na kwamba mama wa yule mwalimu alimpa mwanawe jina lingine ambalo pale misheni hakuna aliyewahi kulisikia. Mwalimu alikufa kwa homa na kuzikwa nyuma ya kanisa. Jina likabaki kwa babu.

Kwa desturi yetu lingeishia kwangu. Mimi nina jina langu, kisha la baba, kisha la babu, na watoto wangu, kama ningezaa, wangekomea kwa baba yangu. Lakini kwenye pasipoti lilikaa mwisho, na Kanada la mwisho ndilo la ukoo. Likavuka bahari likawa tena kama lilivyokuwa Uingereza.

Nilikuwa nimeshapita Dar, Mombasa na Durban kabla ya kufika huko. Toronto, katika mtaa wa Parkdale peke yake, nilihama vyumba mara nyingi hata nikaacha kununua pazia. Siku za mapumziko nilikaa maktaba, kwa ajili ya joto zaidi kuliko elimu. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Humo nilikuta kitabu kinene cha majina ya Waingereza. Langu lilitokana na kazi. Zamani vijijini kwao watu waligawana majina machache, basi wakatofautishwa kwa kazi zao: huyu mfua chuma, yule msaga unga. Wa jina langu alikuwa mkereza, mtu anayeuzungusha mti huku patasi ikiula, mpaka utoke mguu wa kiti au bakuli. Nilikaa nikimwaza, vumbi la mbao miguuni, hajui habari za Muheza. Kisha maktaba ikafungwa, nikatoka nje kwenye theluji iliyogeuka tope.

Mtaa wa Lawrence Heights nilikohamia baadaye, mlango wa pili alikaa mama mmoja Mjamaika, mzee, peke yake. Alisoma jina langu kwenye sanduku la barua na kunisubiri ngazini.

"Wewe ndiye uliyeiba jina langu?"

"Nimelirithi, mama."

"Kwa nani? Maana mimi najua wangu walilipata kwa nani."

Nikamweleza habari za babu na ubatizo. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, mfuko wa viazi vikuu mkononi.

"Babu yako alimwagiwa maji, akapewa," alisema. "Wazee wetu walikuwa watumwa wa bwana mmoja mwenye shamba la miwa. Aliliandika kwa watu wake kama alivyoliandika kwenye magunia. Ingia, unywe chai."

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Nikamwambia kwamba kwetu anayeshika jina la mtu huitwa kama mtu huyo. Mtoto mchanga mwenye jina la babu, mama yake humwambia "shikamoo, babu" huku akimwogesha. Yeye na babu yangu ni wajina, kwa hiyo na yeye ni babu yangu.

"Mimi? Na matiti haya?"

"Ndiyo, babu."

Alicheka mpaka akashika meza. "Basi babu yako anataka maziwa, na nje kuna barafu. Nenda."

Nilikwenda siku ile na nyingine nyingi. Nikitoka kiwandani nilikokuwa naoka mikate nilipitia kwake, naye alikuwa amekaanga ndizi, ananisema kwa kukonda. Nilimweleza habari za mkereza nikidhani zitamfurahisha. Hakufurahi. Alisema fundi wa watu huenda alikuwa mtu mwema kabisa, lakini hakuwa yeye aliyefika Jamaika.

Majira ya kupukutika majani mwaka ule alianza kuvimba miguu. Siku moja, akigeuza ndizi kwenye kikaango, aliniambia bila kunitazama: "Nikifa wasinilaze chini ya jina la yule mzee wa miwa. Nimelibeba nikiwa hai, inatosha. Waandike lile aliloniita mama."

Akalitaja. Lilikuwa fupi, la kitoto, la kumwitia mtu kutoka uani.

"Umelisikia?"

"Nimelisikia."

"Lirudie."

Nikalirudia.

"Vizuri. Waliokuwa wakilijua wamekufa wote. Mwanangu hajui, sikuona haja. Utamwambia wewe."

Mwanawe alikuwa mbali, mji wa Calgary, na simu zake zilikuwa za Krismasi. Alipolazwa hospitalini, manesi walinikubali kama ndugu kwa sababu ya jina. Waliona la kitandani, wakaona langu, wakanivutia kiti. Sikuwasahihisha, na yeye hakuwasahihisha. Alifariki mchana, mimi nikiwa kazini. Nilipofika kitanda kilikuwa kimetandikwa upya.

Mwanawe alikuja kwa ndege. Alikuwa mwanamume wa rika langu, mnene, mwenye macho mekundu. Nilimkuta akifunga sahani za mama yake kwenye magazeti.

"Wewe ndiye wa jina letu?" aliuliza. "Ndugu wa upande gani?"

Nikamweleza, kisha nikampa ujumbe. Aliniuliza jina lenyewe, nikalitaja. Akaweka sahani chini polepole.

"Sijawahi kusikia mtu akimwita hivyo."

"Aliniambia hapa hapa jikoni. Jingine hakulitaka kwenye jiwe la kaburi."

"Mimi naitwa hilo jingine. Wanangu wanaitwa hilo. Nikiliondoa, wajukuu wake watampataje?"

"Basi weka yote mawili."

"Hili la kitoto? Watu watadhani tumezika paka." Papo hapo akajifuta uso kwa mkono. "Samahani. Sina usingizi. Lakini wewe ni nani kwake, hasa?"

Nilikuwa na jibu kwa Kiswahili. Kwetu wajina ni mtu unayeweza kumzika. Kwa Kiingereza lilibaki ajali tu ya watu wawili kuandikwa sawa, na yeye alikuwa ameshika sahani ya mama yake.

"Jirani," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye magazeti yake. Sikumchukia. Naye alikuwa anashikilia alichoachiwa.

Tulimzika ardhi ikiwa ngumu kwa barafu. Jiwe liliwekwa kiangazi, na mwanawe alikuwa amesharudi kwake. Nilikwenda kwa basi kuliona. Jina la mwenye miwa lilikuwa limechongwa kwa herufi kubwa, limeenea upana wote wa jiwe. La kwake la kitambulisho lilikuwa chini, dogo. Lile la mama yake halikuwepo. Nilisimama pale nikaona mawazoni kaburi la babu kule Muheza, saruji aliyoimwaga baba kwa mikono yake, na juu yake herufi hizi hizi. Babu naye alikuwa mtu mzima alipobatizwa. Miaka yote ile kabla ya misheni kuna mtu alikuwa akimwita kwa jina jingine aje ale.

Nilimpigia baba nikiwa palepale makaburini. Huko ilikuwa jioni, alikuwa anasikiliza redio.

"Babu aliitwa nani kabla ya ubatizo?"

Alipunguza redio.

"Sijui," alisema. "Hakutaka tulitaje, alisema ni la kipagani. Na shangazi zangu waliolijua wamekwisha. Mbona unauliza leo?"

Nikamwambia nimesimama kwenye kaburi la mama mmoja Mjamaika, na jina lake halikuandikwa.

"Ni nani kwako?"

"Wajina wa babu."

Hakuuliza zaidi. "Nitajie hilo jina lake," alisema.

Nikamtajia. Akalirudia vibaya. Nikalisema tena, taratibu, na mtu aliyekuwa akimwagilia maua kwenye kaburi la jirani akageuka kunitazama. Baba ni mzee, na siku hizi husahau hata majina ya wajukuu. Lakini alilirudia mara ya pili, na mara ile alilipata.