Maisha Marefu na Macho Mazuri

Kanisani kwetu walinisifu kwa jambo moja: eti mimi ninaweza kumwombea hata aliyenitukana. Ni kweli nilimwombea. Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, niliwapanga watoto wangu uani, mdogo kabisa mgongoni, tukafumba macho, nami nikamtaja yule mwalimu mbele za Mungu: Bwana, mpe maisha marefu, mpe na macho mazuri. Watoto wakaitikia Amina. Majirani waliotukuta katika sala walitikisa vichwa kwa kuguswa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini macho.

Nilitaka aone, basi. Sina haja ya kuipamba sababu yangu. Angekufa mapema angekuwa ameponyoka.

Tuliporudi Burundi, nchi ya wazazi wetu, kutoka Tanzania nilikozaliwa na kuolewa, binti yangu wa kwanza alikuwa darasa la tano na alisoma Kiswahili bila kukwama popote. Hapa Rumonge wakamrudisha mwaka wa kwanza, kwa kuwa Kifaransa hakukijua, na Kirundi chake kilikuwa kile alichookota kwa bibi yake, cha kusalimia na kuomba maji. Akakalishwa na watoto waliomfika kiunoni. Hilo ningelimeza, mgeni hana budi. Lakini siku moja nilimpelekea kalamu aliyoisahau nyumbani, nikamkuta amesimamishwa mbele ya ubao, shingo imezama mabegani. Mwalimu wake, mama wa heshima zake, kiongozi wa kwaya katika kanisa lilelile tulilokuwa tumeanza kusali, alikuwa amemwekea mkono kichwani kama mtu anayechagua boga sokoni.

"Muangalie hii kichwa," akawaambia wanafunzi. "Iko kubwa, lakini iko ya kubebea chikichi tu."

Alisema kwa Kiswahili, makusudi, ili binti yangu asikose hata neno moja. Darasa zima likaangua kicheko. Aliponiona mlangoni hakushtuka wala hakuondoa mkono. Alinisalimu vizuri sana: "Amahoro, mama."

Nilimshika binti yangu mkono. Nikapita madarasa mengine nikawatoa na wadogo zake, mmoja mmoja, kama mtu anayeanua nguo mvua ikianza. Tulikwenda kwa miguu mpaka kwetu Gatete, na tulipofika nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba watoto wangu hawataingia tena katika shule ile, nitawafundisha mwenyewe. Mume wangu ni fundi wa boti, mtu wa maneno machache. Aliuliza kitu kimoja tu: watakaa juu ya nini?

Akavunja boti moja iliyooza, akatengeneza mabenchi, mafupi, ya kimo cha watoto. Yalinuka ndagala, wale dagaa wa ziwa, mwaka mzima. Benchi moja lilitoka na mguu mfupi kuliko mingine, na anayelikalia hana budi kushikilia magoti yake ili asipinduke. Ubao tuliupaka masizi ya pipa la mawese yaliyokorogwa na uji wa muhogo. Kule Tanzania nilikuwa nimefundisha watoto wa shule ya Jumapili, na huo ndio ualimu wote niliokuwa nao. Kifaransa nilijifunza pamoja nao, kwa redio na kwa kitabu kimoja kikuukuu, mimi nikiwa ukurasa mmoja mbele.

Asubuhi ilikuwa sala, kusoma na hesabu. Jua likipanda tuliwasha moto chini ya pipa la kuchemshia chikichi za mawese, na hesabu za sehemu zikafundishwa papo hapo: nusu debe, robo debe, chupa tatu katika chupa kumi. Ndagala zikishuka kwa wingi, shule ilihamia mchangani, watoto wakiimba vitenzi vya Kifaransa huku wakigeuza samaki juani. Nilifundisha nikiwa na mimba, nilifundisha nikinyonyesha, na siku moja nilimaliza somo la Nuhu ndipo nikajifungua wa saba. Watoto wote walifika tisa. Asije mtu akadhani palikuwa na utulivu wa malaika. Mmoja alikula chaki, mmoja alimng'ata mwenzake kwa sababu ya jedwali la saba, na mimi nilipiga kelele hadi wavuvi wakageuka kutazama.

Fimbo sikutumia. Nilikuwa na kitu kikali zaidi. Mtoto akikosea nilimwambia kwa upole, "Yule mwalimu angecheka hapo." Ilitosha. Mtoto alifuta, akaandika upya, akafuta tena. Walimjua yule mama kuliko walivyowajua shangazi zao.

Mkuu wa kilima, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, alikuja kuuliza mbona watoto wangu hawaonekani shuleni. Binti yangu wa kwanza alimjibu kwa Kifaransa kirefu, akamletea na kiti. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, "Murakoze, mwanangu," akaondoka na chupa ya mawese kwapani, na hatukusumbuliwa tena.

Miaka ikapita. Binti yangu akafanya mtihani wa taifa kupitia shule ndogo iliyokubali kumwandikisha, akafaulu, tena vizuri. Mchungaji akaniita mbele nitoe ushuhuda. Nilisimama nikimtazama yule mwalimu katika safu ya kwaya, nikasema Mungu ni mwema. Alipiga makofi kama wenzake, akaimba pambio kwa sauti nzuri. Nilirudi nyumbani na hasira zangu zote, hazikupungua hata kijiko. Kumbe hata hakukumbuka! Yeye alitupa neno akaenda kula chakula chake, mimi nikalibeba miaka yote ile.

Nikazidisha sala. Na Mungu, ambaye ana mambo yake, akajibu kwa njia ambayo sikuiomba. Mtoto wa pekee wa yule mwalimu, kijana mpole anayeuza vifaa vya umeme mjini, akampenda binti yangu.

Mwalimu alikuwa ameshafiwa na mume, kwa hiyo siku ya kuja kuposa alikuja mwenyewe na shemeji zake, makreti ya fanta yakitangulia. Nilikuwa nimekodi viti. Havikutosha, nilikuwa nimehakikisha havitatosha. Wazee wakakaa kwenye viti, na yeye nikamwelekeza kwa heshima zote kwenye mabenchi ya darasa, chini ya ubao, kwenye lile la mguu mfupi. Alipolikaribia tu, wadogo wote wakasimama wima, kama nilivyowafundisha wiki nzima.

"Bonjour, madame!"

"Bonjour, les enfants, asseyez-vous," akajibu papo hapo, akiwaambia wakae, mdomo wake ukienda wenyewe. Kisha akakaa, benchi likayumba, akashikilia magoti.

Kila mtu anajua desturi: wenye binti hujifanya hawajui wageni wamefuata nini, na maneno ya kuchokozana ni sehemu ya sherehe. Msemaji wetu alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Maneno nilimpa mimi.

"Binti tuko naye," akasema akivuta ndevu. "Lakini hatutawaficha. Mwalimu mumoja alituambia kichwa yake iko ya kubebea chikichi tu. Sasa nyinyi watu wa mujini, kichwa kama hiyo mutaifanyia nini?"

Ua mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Nilimwangalia yeye peke yake, nikaona neno linamfika, linatafuta mahali pake, linapapasa. Akanitazama. Sikuondoa macho yangu mpaka alipoinamisha uso. Mungu anisamehe, hata siku ya harusi yangu sikuwahi kufurahi namna ile.

Msemaji wao, maskini, hakujua kitu, akasimama na kusema, "Murakoze, muzee. Hiyo kichwa ya kubeba chikichi ndiyo tumefuata. Nyumba haina mawese, mboga inaliwa kavu!" Watu wakashangilia, posa ikapita, fanta zikafunguliwa.

Wageni walipoondoka, hofu ikanishika. Binti yangu alikuwa anasugua sufuria. Nilikuwa nimemwaibisha mwanamke ambaye ndiye atakayeishi naye chini ya paa moja, na mkamwana katika nyumba ya mwana wa pekee hana pa kukimbilia.

"Kama unataka tukatae, sema," nikamwambia. "Bado tuna nafasi."

"Sikatai, mama. Kijana ninampenda. Na ile nyumba ninaitaka." Akasuuza sufuria, akaifunika juani. "Ila nitaomba lile benchi la mguu mfupi. Nataka niende nalo."

Nilicheka. Nilidhani ni kumbukumbu ya nyumbani.

Sasa wajukuu wangu kule mjini ni watatu. Hawajaingia shule yoyote. Binti yangu anawafundisha mwenyewe, katika ua wa mama mkwe wake, kwa sala na ubao wa masizi, kama nilivyomfundisha yeye. Yule mama amestaafu. Afya yake ni njema, na macho yake, namshukuru Mungu, bado yanaona uzi kwenye tundu la sindano. Kila asubuhi anakaa pembeni kwenye benchi lile. Akifungua mdomo kumsahihisha mtoto, binti yangu anamwahi kwa sauti ya asali: "Pumzika, mama. Umefundisha ya kutosha." Anamletea chai ya maziwa. Samaki wa mukeke akipikwa, kipande cha kwanza ni cha mama mkwe. Mtaa mzima unasema hawajaona mkamwana kama huyo.

Mwezi uliopita alikuja kwangu, peke yake, juu ya baiskeli ya kukodi. Nilikuwa nawafundisha wangu wawili wa mwisho. Nikamkaribisha, nikawatuma watoto wakachote maji.

"Mukwe wangu," akasema, "nimekuja kukuomba kitu."

Nikainama kukoleza moto wa pipa. Nikajifanya sikusikia, ili aseme tena. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kuliko nilivyosubiri mtoto yeyote tumboni mwangu, na sikuona sababu ya kuiharakisha.

"Niko naomba," akarudia, akapandisha sauti. "Uongee na binti yako. Anipatie mutoto mumoja nimufundishe. Ule mudogo tu. Hata iwe a, e, i, o, u, peke yake. Wako wanasoma mbele yangu kila siku, na mimi niko pale kama mutungi."

"Amekukosea heshima?" nikauliza.

"Hapana. Hajanikosea hata siku moja. Na hiyo ndiyo nashindwa kuelezea watu."

Akasubiri. Mimi nikamtazama, nikiwa na jibu zuri sana ulimini, lile la chikichi. Yeye akasimama, bila shaka kwa sababu hakujua mikono yake aiweke wapi, akachukua kitambaa, akaanza kufuta ubao wangu. Alifuta kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, kona zote, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Alipomaliza akakikung'uta kile kitambaa mbali na uso wake, akakikunja mara mbili, akakirudisha mahali pake. Lile jibu langu sikulitoa. Nikamwambia nitakuja.

Nilikwenda kesho yake. Niliwakuta katika somo. Binti yangu ubaoni na kijiti chake, watoto mchangani mbele yake, na yule mama kwenye benchi, ameshikilia magoti. Watoto walikuwa wakisoma silabi kwa pamoja. Midomo ya yule mama ilikuwa inacheza pamoja nao, bila sauti.

Nilimvuta binti yangu kando, karibu na mlango wa jiko.

"Mwachie mmoja," nikasema. "Yule mdogo. Imetosha sasa."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi halafu akaambiwa afute.

"Ulidhani tulikuwa hatujui ulichokuwa unaomba?" akasema. "Kila asubuhi, mama, sisi tisa. Ulimwombea macho mazuri, tukasema Amina. Mazuri ya nini, kama siyo ya kuangalia?"

Akanishika bega kwa upole, akarudi ubaoni, akaniambia kwa sauti ambayo wote waliisikia kwamba nisisimame juani, nipumzike, nimefundisha ya kutosha.

Yule mama akajisogeza hadi mwisho wa benchi, akanipisha nafasi. Nikakaa. Benchi likayumba, tukashikilia magoti yetu.